Kumheshimu Mama Maria kwa Moyo, Hata Msimu wa Kahawa

Unampenda Mama Maria. Rozari yako iko mfukoni, au imetundikwa juu ya kitanda. Lakini ukiitazama wiki yako kuna shamba, kuna watoto, kuna nguruwe wa kulisha, kuna kikao cha ushirika wa wakulima (AMCOS). Usiku ukiingia, usingizi unakuwahi. Na ukijikaza kusali, Salamu Maria zinatoka mdomoni huku akili iko kwenye bei ya kahawa.

Usijilaumu. Ila usikae ukingoja moyo uwake ndipo uanze. Moyo hufuata mazoea. Sali kidogo, saa ileile, kila siku, kisha ondoka hapo ukafanye jambo moja la upendo. Imani ya moyo hujengwa hivyo.

Mbinu hizi ni za mtu wa Mpepai, Mbinga mjini, Litembo au Mbamba Bay mwenye jembe, nyavu au duka. Huhitaji kuhamia monasterini.

Anza na kumi moja tu

Rozari ya matendo matano huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Kumi moja, yaani Baba Yetu, Salamu Maria kumi na Atukuzwe, huchukua kama dakika nne. Dakika nne huzikosi.

Wengi hushindwa kwa sababu wanaanza na rozari nzima. Siku tatu wanaiweza, ya nne wanachoka, ya tano wanaona aibu na kuacha kabisa. Wewe fanya kama mchumaji wa kahawa: chuma nyekundu za leo, za kijani ziache, wiki ijayo utarudi. Ukishika kumi moja mwezi mzima bila kuruka, ongeza la pili.

Lifungie kwenye kazi uliyonayo tayari

Usitafute muda mpya. Tafuta jambo unalolifanya kila siku, uliweke kumi lako hapo. Kusubiri maji ya uji yachemke. Kutembea kwenda shambani. Kuanika usipa ufukweni. Kukaa foleni ya mashine ya kusaga.

Ukichagua jambo moja, usilibadilishe. Baada ya wiki chache utajikuta unaanza sala kabla hujaikumbuka.

Huna rozari mkononi? Una vidole kumi, na Salamu Maria ni kumi. Mungu alishakupa rozari isiyopotea.

Jua leo ni matendo gani

Huna haja ya kitabu kila siku. Shika ratiba hii kichwani. Jumatatu na Jumamosi ni matendo ya furaha. Jumanne na Ijumaa ni ya uchungu. Jumatano na Jumapili ni ya utukufu. Alhamisi ni ya mwanga, yale ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwezi Oktoba 2002.

Kama unasali kumi moja tu kwa siku, usilazimike kuanza na tendo la kwanza kila mara. Wiki hii chukua la kwanza, wiki ijayo la pili. Kwa wiki tano utakuwa umepita matendo yote ishirini.

Iandike ratiba kwenye karatasi, ibandike nyuma ya mlango wa jikoni. Ikiwa nyumbani kuna kitabu cha sala cha Ndanda-Peramiho, matendo yote yamo. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka uliofuata, na vitabu vya sala vilivyochapwa na watawa hao vimepita mikononi mwa bibi na babu zetu. Muulize bibi yako. Huenda chake bado kiko sandukuni.

Kabla ya kutamka, tazama

Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote, na ni ya nusu dakika. Ukishataja tendo, nyamaza. Jiwekee picha. Kama ni kuzaliwa kwa Yesu: zizi, baridi, mtoto, wachungaji wageni wanaingia bila hodi. Jiulize swali moja tu: Maria hapa alifanya nini? Kisha anza Salamu Maria.

Jibu Luka amelitoa mara mbili katika sura yake ya pili, mstari wa 19 na wa 51. Wachungaji walipoondoka, na tena Yesu alipopatikana hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, Maria aliyaweka mambo yale moyoni. Mara ya kwanza aliyatafakari. Mara ya pili Luka anasema wazi kwamba hakuelewa aliloambiwa, lakini hakulitupa.

Nawe fanya vivyo hivyo. Jambo la leo usilolielewa, liweke ndani ya kumi lako. Usilazimishe jibu.

Zipe Salamu Maria majina

Akili inapenda kushika kitu. Ipe majina. Salamu Maria ya kwanza ni ya mama yako. Ya pili ni ya mtoto aliye shule ya bweni. Ya tatu ni ya jirani mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Litembo. Ya nne ni ya yule mnayegombania naye mpaka wa shamba. Ndiyo, na yeye.

Usimtoe huyo wa nne. Baada ya kulitaja jina lake mbele ya Mama Maria siku thelathini, hata salamu yako ya barabarani itabadilika.

Beba ombi la tendo mpaka kwenye mikono

Unajua tunavyosali huku kwetu: kiongozi anataja tendo, kisha anasema tuombe neema gani. Malaika kumpasha Maria habari, tuombe unyenyekevu. Maria kumtembelea Elizabeti, tuombe mapendo kwa jirani. Watu wengi hulisikia ombi hilo na kulipita. Wewe lishike. Ndilo kazi yako ya siku.

Umeomba mapendo kwa jirani? Basi kabla jua halijazama mpelekee mtu ndoo ya maji, au mboga, au dakika kumi za kukaa naye. Umeomba unyenyekevu? Leo acha mwenzako ashinde ubishi mmoja.

Tazama Maria alivyofanya. Alipokea habari kubwa kuliko zote, halafu akafunga safari kwa haraka kwenda milimani kwa ndugu yake mjamzito, akakaa naye kama miezi mitatu. Kule Kana aliona divai imekwisha, akamwambia Mwanawe, kisha akawaambia watumishi wafanye atakachowaambia. Hiyo ndiyo ibada unayoiga.

Akili ikitangatanga, usianze upya

Itatangatanga. Utashtuka uko kwenye Salamu Maria ya saba na unawaza mbolea. Usirudi mwanzo, utajichosha bure. Rudi kwenye picha ya tendo, taja jina la Yesu polepole, endelea na ya nane.

Na lile wazo la mbolea? Kama linarudi mara tatu, basi ni mzigo wa kweli. Mwambie Mama Maria waziwazi kwamba unahofia mbolea. Sasa limeshakuwa sala.

Punguza mwendo pia. Kumi lililosaliwa kwa mbio za dakika mbili halina mahali pa kuvuta pumzi. Vuta pumzi mwishoni mwa kila Salamu Maria. Hilo peke yake litakurudisha.

Siku usizosikia chochote, sali vilevile

Kuna wiki moyo unakuwa mkavu kabisa. Usidhani imani imekwisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika sura ya nane ya hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulionya kwamba ibada ya kweli kwa Maria haikai katika hisia za kupita wala katika wepesi wa kuamini kila kitu. Hutoka katika imani, na humwelekeza mtu kumpenda Mama na kuiga fadhila zake.

Kwa hiyo usiipime sala yako kwa machozi. Siku kavu, sali kumi lako kwa sauti, hata kama unajisikia kama mti. Ukiwa peke yako, washa Radio Maria, usali pamoja na wengine. Redio hiyo kwa Tanzania ilianzia hapa hapa kwetu Ruvuma, mjini Songea, mwaka 1996.

Tumia kengele tatu za siku

Sala ya Malaika wa Bwana ni dakika mbili. Husaliwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Ukiwa karibu na parokia, kengele itakukumbusha. Ukiwa mbali, tega alamu kwenye simu. Hata kitochi kina alamu.

Ya mchana ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida. Inakukuta na jembe mkononi, umechoka, umekasirika. Simama, ondoa kofia, sali, endelea. Kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste badilisha: sali Malkia wa Mbingu.

Siku ya msiba, tumia Mateso Saba

Kuna huzuni ambayo matendo ya furaha hayaigusi. Hapo chukua Rozari ya Mateso Saba. Ina mafungu saba, kila moja lina Salamu Maria saba: unabii wa Simeoni, kukimbilia Misri, kumpoteza Yesu hekaluni, kukutana naye njiani na msalaba, kusimama chini ya msalaba, kumpokea amekufa, kumzika.

Ibada hii ni ya zamani, lakini huku Afrika Mashariki imepata nguvu mpya kutoka Kibeho, Rwanda. Hapo, kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, wasichana wa shule walisema wametokewa na Bikira Maria. Kanisa lilichunguza kwa miaka mingi, na tarehe 29 Juni 2001 askofu wa Gikongoro, Augustin Misago, alitangaza kuwa ushuhuda wa watatu kati yao unaaminika. Walisema Mama aliomba toba, na sala ya kweli isiyo na unafiki. Mmoja wao, Marie Claire Mukangango, ndiye aliyehimiza sana Mateso Saba. Aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari.

Huna rozari ya aina hiyo? Hesabu kwa vidole. Mna msiba nyumbani? Salini fungu moja kila jioni baada ya maziko, kwa siku saba. Mfiwa akishindwa kutamka, mwacheni anyamaze. Ninyi salini kwa niaba yake.

Watoto: wape kazi, usiwape hotuba

Kumi moja kabla ya chakula cha usiku linatosha. Mmoja awashe mshumaa au taa. Mmoja ataje tendo. Mmoja aanzishe Salamu Maria. Mdogo kabisa ashike rozari na kuhesabu kwa sauti. Mtoto mwenye kazi hasinzii.

Muulize mmoja: leo tumwombee nani? Utasikia majina usiyoyatarajia, na utajua mengi ya shuleni ambayo asingekuambia ukimhoji.

Usimwadhibu mtoto kwa kumpigisha magoti na rozari. Akikua ataikimbia.

Mei na Oktoba: itumie jumuiya

Hii ndiyo miezi ya kujipa msukumo. Mei ni mwezi wa Bikira Maria, Oktoba ni mwezi wa Rozari. Jumuiya Ndogo Ndogo zinazunguka nyumba kwa nyumba, kila jioni. Wewe uliyezoea kumi moja, huu ndio wakati wa kusali matano bila kuyaona marefu, maana sauti za wenzako zinakubeba.

Zamu ikifika kwako, usihangaike na soda wala maandazi. Ukianza wewe, mjane wa nyumba ya tatu ataona aibu kuwakaribisha. Meza ndogo, kitambaa safi, sanamu au picha, mshumaa, maua ya uani. Basi.

Anzeni kwa wakati. Mei baridi ya milimani imeshaanza kung'ata, na wazee hawawezi kukaa nje usiku. Kama mko ukanda wa ziwa, pangeni saa kabla wavuvi hawajaingia majini na taa zao. Panga na mwenyekiti mapema njia itakayofika kwa mgonjwa ambaye hawezi kutoka.

Mkimaliza, msitawanyike kimya. Ulizeni: nyumba hii ina shida gani tunayoweza kuifanyia kazi wiki hii? Paa linavuja? Mahindi bado yako shambani? Pangeni siku, nendeni.

Rozari si hirizi

Ivae ukipenda, itundike kwenye pikipiki ukipenda, lakini usidhani shanga zenyewe zina nguvu. Nunua, mpelekee padre aibariki, kisha itumie. Vivyo hivyo medali na skapulari: ni alama ya ahadi yako ya kuishi kama mwana wa Maria.

Ukipata ujumbe wa WhatsApp unaokuambia uusambaze kwa watu ishirini la sivyo utapata balaa, ufute. Mama hatishi watoto wake. Ukisikia habari za mtu kutokewa mahali fulani, usikimbilie na nauli. Muulize katekista au paroko kwanza. Kibeho ilisubiri karibu miaka ishirini, na wewe unaweza kusubiri.

Na novena isichukue nafasi ya Misa wala kitubio. Ukiona unakazana na rozari huku unaikwepa Jumapili, geuza mpangilio. Maria humpeleka mtu kwa Mwanawe. Hamweki kwake.

Jirani akikuuliza

Tunaishi na Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Atakayekuuliza kwa nini mnamwabudu Maria hayuko mbali. Jibu kwa sentensi mbili, kwa upole: Tunamwabudu Mungu peke yake. Maria tunamheshimu, na tunamwomba atuombee, kama ninavyokuomba wewe uniombee.

Akitaka zaidi, msomee Luka sura ya kwanza. Asipotaka, mwulize habari za nyumbani, maisha yaendelee. Ukanda wa Liuli, kwenye mizizi ya Waanglikana, utakuta wengi wanaomheshimu Maria pia. Mwislamu naye anamjua Mariamu na anamtaja kwa heshima. Hakuna sababu ya ugomvi.

Ukitaka kupiga hatua zaidi

Uliza parokiani kama kuna Legio ya Maria, na usiichanganye na lile kanisa la Kenya lenye jina linalofanana. Ilianza Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Mpango wake unamfaa mtu wa vitendo: mnakutana kila wiki, mnasali rozari, kila mmoja anapewa kazi, mnakwenda wawili wawili kwa wagonjwa, wafungwa au waliolegea, na wiki ijayo mnatoa taarifa.

Aliyeisambaza huku ni dada mmoja wa Ireland, Edel Quinn. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1936 akiwa ameshaugua kifua kikuu, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika mpaka Nyasaland akianzisha vikundi. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36. Siku unayosema huna nguvu, mkumbuke.

Legio haipo kwenu? WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ipo, na jumuiya ipo. Omba kazi moja ya kudumu, kama kumtembelea mgonjwa mmoja kila Jumamosi. Jumamosi ni siku ya Bikira Maria toka zamani.

Pima mwisho wa mwezi

Usihesabu rozari. Jiulize maswali manne. Nyumbani nimepunguza ukali? Yule wa mpaka wa shamba tumesalimiana? Nimekwenda kitubio? Kuna mtu amesaidika kwa mkono wangu?

Mawili yakijibiwa ndiyo, endelea ulivyo. Yote yakiwa hapana, usiongeze sala. Ongeza tendo la siku.

Wiki yako ya kwanza

Leo: chagua kazi utakayoifungia kumi lako, mwambie mtu mmoja wa nyumbani ili akukumbushe.

Kesho mpaka Ijumaa: kumi moja kila siku, tendo la kwanza la siku hiyo. Nusu dakika ya kutazama, majina kumi, tendo moja la upendo kabla ya giza.

Jumamosi: kumi moja pamoja na familia, kisha nenda kamwone mgonjwa mmoja.

Jumapili: Misa. Ukitoka, mtafute katekista umwulize jumuiya yenu inakutana lini. Kama hujaenda siku nyingi, nenda hivyo hivyo. Wataanza kwa kukutania, halafu watakupangia zamu.